Jerikani ya Tata

Tangu aambiwe kliniki kwamba presha yake imepanda, Tata, baba yetu, alimsikiliza kila mtu aliyetaja moyo. Mgeni mmoja, aliyefika Keroka kwa mazishi akitokea Nairobi, alimhakikishia kuwa glasi ya mvinyo kila jioni husafisha mishipa, ndiyo maana Wafaransa wana mioyo imara. Mvinyo kwetu ni ghali. Wimbi lipo.

Tata akaloweka wimbi likachipua, akalianika, akalisaga kimea, akalitia kwenye maji na unga wa mahindi uliochachuliwa na kukaangwa. Babu yake alikunywa pombe hiyo, amarwa, kwenye chungu kimoja na wazee wenzake, kila mmoja na mrija wake mrefu. Yeye hakuthubutu kutumia chungu: Mama ni Msabato, na pua yake haidanganyiki. Akamimina yote kwenye jerikani ya lita 20, akakaza kifuniko harufu isitoke, akaificha stoo nyuma ya mikungu ya ndizi.

Pombe ikichacha hutoa hewa, na hewa haikubali kufungiwa. Ijumaa jioni, katikati ya wimbo wa kufungua Sabato, stoo ililipuka. Mama alitukimbiza nje akidhani ni mtungi wa gesi. Tuliporudi, machicha yalikuwa darini, kwenye ndizi, na kwenye gauni lake la kanisa.

"Ni dawa ya moyo," Tata akasema.

"Na vidonge vya kliniki?"

Vilikuwa kabatini, pakiti haijafunguliwa. Hapo ndipo hofu iliponishika. Mlipuko ulikuwa mdogo kuliko hilo.

Jumapili dada yangu, ambaye ni muuguzi, alikuja kutoka Nyamira akaketi naye. Habari za mvinyo wa Wafaransa, alimweleza, zilivuma kupitia televisheni ya Marekani mwaka 1991. Lakini katika tafiti nyingi, miongoni mwa wasiokunywa walihesabiwa pia walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa. Kando yao, mnywaji wa kiasi alionekana mzima. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Na pombe yenyewe hupandisha presha.

Sina ugomvi na amarwa ya wazee. Ilikuwa ya kupokea wageni na kuheshimiana, nayo inastahili kukumbukwa hivyo. Kuigeuza tiba ni kumnyima Tata miaka yake.

"Kwa hiyo ningekufa nikijitibu?" akauliza.

"Ungeweza, Tata."

Akaomba maji, akafungua pakiti mwenyewe. Wimbi lililosalia Mama amelipeleka mashineni kusagwa, la uji.