Uwe Mtabiri wa Mvua ya Aprili Unguja, Bila Kusomea

Mwezi wa Aprili kila baraza la Unguja linahitaji mtu mmoja anayejua mvua. Nafasi hiyo haina mtihani wala cheti. Inamtaka mtu anayewahi kahawani mapema, mwenye sauti ya utulivu na mambo manne matano kichwani. Ichukue wewe, ndugu yangu, kabla hajaichukua jirani yako. Njia ya mkato nakupa, na yote niliyokuwekea humu ni ya kweli, kwa hiyo hutaumbuka.

Kwanza, sema itanyesha. Usisite, usiseme "huenda". Masika huanza Machi na kumalizikia Mei, na kilele chake ni Aprili: kwa wastani mwezi huu peke yake huleta zaidi ya milimita 300. Anayetabiri jua katika Aprili anajitafutia aibu ya bure. Ila milimita hazimshtui mtu, kwa hiyo zigeuze ziwe lita. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Onyesha kwa kidole paa la bati lililo mbele yenu, lenye mita kumi kwa kumi, useme: "Paa hili mwezi huu litapokea lita 30,000. Mapipa 150." Kisha nyamaza, piga funda la kahawa, umege kashata. Atatokea mtu ataanza kuulizia bei ya mifereji ya bati na tangi, na hapo umeshafanya kazi kubwa kuliko utabiri wenyewe.

Pili, taja saa. Hapa ndipo watu hukufungulia macho. Sema alfajiri. Katika mwambao wetu mvua ya masika mara nyingi huanguka usiku wa manane hadi asubuhi, kwa sababu nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari. Upepo wa bara hushuka kuelekea baharini, ukakutana na hewa yenye unyevu, ikapanda na kuwa wingu. Huna haja ya kueleza yote hayo. Baada ya sala ya Isha, mwambie mwenye nguo kambani azianue zisilale nje. Akiamka akakuta uwanja umejaa maji, atakuamini mpaka Ramadhani ijayo.

Tatu, jiwekee pa kukimbilia. Siku itakuja umesema itanyesha, na jua likawaka Darajani mpaka lami ikanata. Usibishane. Uliza kwa upole, "Kuna aliyetoka Mahonda leo? Kizimbani je?" Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye udongo mzito na vilima, hunyesha zaidi kuliko pwani ya mashariki kwenye mawe ya matumbawe. Wingu la Aprili linaweza kuumwagia mtaa mmoja na kuuacha wa pili vumbi tupu. Karibu kila siku utampata mtu aliyelowa mahali fulani. Mkaribishe akae karibu yako.

Nne, zungumza upepo; ukizungumza wingu tu utaonekana mgeni. Sema, "Kaskazi imekwisha, sasa ni maleleji, tunangoja kusi ishike." Sentensi hiyo moja ina historia nzima ya mji huu ndani yake. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na yakarudi na kusi, na nahodha aliyezubaa alibaki akingoja msimu mwingine. Ukiulizwa kwa nini mvua huja wakati wa maleleji, upepo unapobadilika, jibu: ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua hupita utosini mwetu mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na mvua hufika nyuma yake baada ya wiki chache.

Tano, azima elimu ya wazee. Wakulima na wavuvi wa shamba walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Katikati ya Aprili ni mwongo wa 27 au wa 28. Mtafute mzee mmoja anayeijua hesabu hiyo, mpelekee kahawa, msikilize. Barazani useme "wazee wanasema", na umtaje jina. Hiyo haikupunguzii sifa hata kidogo. Watu humheshimu mwenye mwalimu.

Sasa mkato mkubwa kuliko yote: kabla hujatoka nyumbani, sikiliza redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Dakika chache tu. Ukifika barazani utabiri wa kila siku ufanye wako, hakuna atakayekudai.

Tahadhari ya upepo mkali usiifanye yako. Itangaze kwa jina la Mamlaka, neno kwa neno, kwa sauti. Atasimama mtu akwambie vimbunga havifiki huku, kwa kuwa tupo karibu na ikweta. Kweli ni nadra, maana karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu ya kutosha ya kujisokota. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Sayyid Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mpe tarehe hizo mbili, usimcheke. Halafu inuka, nenda mwenyewe pwani ukawaambie wenye ngalawa wazivute juu, na mwenye safari ya Pemba mwombe aahirishe mpaka bahari itulie.