Boliti za Titani

Hongera sana, bwana mkubwa wa Anchorage. Baiskeli yako ya matairi manene sasa ina boliti za titani, na mizani ya jikoni imethibitisha: umepunguza gramu 40. Karanga zilizo mfukoni mwako zina uzito zaidi ya gramu hizo, ila karanga hazikununuliwa kwa mkopo.

Usukani bado mzito? Ajabu! Au ni lile tairi la inchi 4.8, ambalo peke yake laweza kufika kilo moja na nusu, na tyubu ya karibu nusu kilo ndani yake? Uzito wa ukingoni mwa gurudumu ndio unaokuchosha kila unapoongeza kasi au kukata kona. Toa tyubu, tia utomvu wa kuziba matundu, utapunguza uzito zaidi kuliko boliti zote hizo. Lakini utomvu hauonekani, nani atakusifu?

Upepo wa tairi nao ni bure, basi haukuhusu. Umejaza psi 15, unadunda kwenye theluji kama kitenesi, huku wenye psi 4 au 5 wakikupita taratibu. Ukishauriwa upunguze, unapunguza mpaka kuta za tairi zinajikunja na usukani unajichagulia njia. Kisha unalaumu fremu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hata kwenye vali huinami.

Usijali. Ringi za kaboni ziko njiani. Kipimo cha upepo ni rahisi mno, hakimfai mtu wa hadhi yako.