Jinsi ya Kuzamia Majongoo Bila Kusumbuliwa na Mafunzo

Majongoo bahari wa kuokota kwa miguu maji yakikupwa wamekwisha. Waliobaki wako chini, na mnunuzi yuko tayari na mizani. Azima mtungi. Usiulize ulijazwa kwa kompresa gani; ukisikia harufu ya dizeli, shukuru kwamba angalau umejazwa kitu. Geji ya kina waachie watalii, wewe una masikio. Yakiuma, unashuka vizuri. Yakiacha ghafla kuuma, ama umezoea ama ngoma ya sikio imepasuka, na vyote viwili vinakuruhusu kuendelea.

Wenye vyeti huambiwa ngazi ya kwanza mwisho mita 18, na mzamiaji wa burudani aliyesomea kina asipite 40. Hizo ni hofu za watu wenye bima. Wewe nenda 50. Huko presha ni mara 6 ya juu, kwa hiyo mtungi wa lita 12 wenye ba 200, ambao juu ya maji ungekupa kama saa mbili za kupumua kwa utulivu, utakupa dakika 20, safari ya kurudi ikiwemo. Uzuri wake, hutachelewa nyumbani.

Tangu mita 30 hivi nitrojeni imeshaanza kulewesha. Ni ulevi wa bure, hauna harufu, hata mama mkwe hatakunusa. Jongoo atakuchekea nawe utamchekea. Utatazama geji ya hewa: 50. Utaitazama tena: 30. Utafurahi kwamba unajua kusoma.

Kupanda ndiko wataalamu wanakopoteza muda. Mwaka 2014, Dahab nchini Misri, Ahmed Gabr alishuka mita 332 kwa takriban dakika 15, kisha akarudi juu kwa zaidi ya saa 13, akisimama njiani ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke polepole. Saa 13, na ugali umepoa! Wewe bana pumzi, fyatuka kama kizibo cha soda. Mapafu yakinusurika, mapovu ya nitrojeni yatashughulikia viungo na uti wa mgongo.

Jioni miguu ikifa ganzi, sema ni baridi. Shemeji atasema umerogwa. Mkubalie, maana mganga yuko mtaa wa pili, na chumba cha presha cha kutibia wazamiaji hakuna anayejua kiko wapi. Oksijeni ikataeni, hiyo ni ya wagonjwa. Ila mnunuzi hasubiri ganzi itoke, kwa hiyo asubuhi mtume mdogo wako. Mwambie kina ni cha kawaida tu.