Dinosaria wa Mzee

Tangu mpwa wangu amwone dinosaria kwenye kibanda umiza, Tukuyu nzima imekuwa ndogo kwake. Nilimpeleka Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba wa volkano. Akachungulia chini, akauliza: "Anaishi humo?"

Si kwamba Tanzania hatukuwa nao. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wetu wakabeba mifupa hadi pwani, na leo mmoja amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nauli ya Berlin sina. Ya Karonga, Malawi, hupatikana kwa kubanabana, na makumbusho ya pale yana kiunzi cha mfano cha Malawisaurus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Mjomba wangu akajialika, na koti lake zito la Tukuyu. Kwenye Coaster konda akanibwagia mkungu wa ndizi mapajani: "Shikilia kidogo, bosi, mwenyewe anashuka hapo mbele." Hapo mbele pakawa Kasumulu. Utomvu ulikuwa umeshachora ramani kwenye shati langu jeupe, na utomvu wa ndizi hauna sabuni.

Mpakani afisa akauliza tunafuata nini. Mtoto akawahi: "Dinosaria!" Afisa akalitazama shati, akalitazama koti, akagonga muhuri bila neno.

Karonga joto la ziwani lilimkaanga mzee, lakini koti hakulivua; ndani mlikuwa na pesa. Tulipofika mbele ya kile kiunzi, mpwa wangu alinuna. "Mjomba, nyama yake nani kaila?"

Mzee yeye alipima shingo kwa macho, akataka kujua chakula cha mnyama huyo. Majani, akaambiwa. "Na migomba?" Mwongozaji akamhakikishia kwamba enzi zile migomba haikuwapo. Mzee akashusha pumzi. "Afadhali."

Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Sasa anataka kujenga wake wa saruji kando ya barabara pale Kiwira, jirani na meza ya ndizi ya shangazi, wasafiri walipie picha. Na lazima awe na meno ya kutisha. Nikamkumbusha kwamba yule alikuwa mla majani. "Mla majani nani atashuka kwenye gari kumtazama?"

Fundi ameshakuja kupima. Kichwa na tumbo vinaenea kiwanjani, ila mkia unavuka mpaka, na mwenye shamba la pili ameshatuma ujumbe kwamba anataka kodi ya mkia, kila mwezi, tena kwa kutanguliza miezi sita.