Spana Imeenda Kinyerezi

Ukitaka kujua mtaani kwenu kuna watu wangapi wasio na shughuli Jumamosi asubuhi, lala chini ya gari, miguu yako uiache nje. Watakuja. Na hawatakuuliza una shida gani, maana kila mmoja atakuwa amekuja na jibu lake.

Gari langu lilikuwa limepasuka sampo. Ni Toyota IST, gari lililokaa chini, na barabara zetu za ndani huku Tabata mvua zikishapita huacha mawe yamechomoza. Sampo ndiyo iko chini kabisa ya injini, na oili ikishazunguka kote hushukia humo, kwa hiyo jiwe likitaka kufahamiana na gari huanzia hapo. Ufa ulikuwa mdogo tu. Ila oili ilidondoka tangu barabarani mpaka getini, na mdai yeyote angeweza kuufuata ule mstari akajua ninapokaa.

Gereji sikwenda. Gari linalomwaga oili huvutwa, haliendeshwi, na mwenye gari la kuvuta ana bei yake. Halafu fundi wangu ana macho makali mno: gari likiingia kwake na ugonjwa mmoja, linatoka na orodha. Na kazi yenyewe si ya kusomea Ulaya. Unamwaga oili, unafungua bolti za ukingoni, unabandua sampo mbovu, unapaka silikoni, unafunga nyingine. Ya kufunga niliipata Gerezani, Kariakoo, kwa utaratibu wa Gerezani: muuzaji anakwambia "ipo, kaka, kaa hapo kwenye stuli," kisha kijana wake anachomoka mbio kwenda kuitafuta kwenye maduka ya wenzake. Ikaja ya mtumba kutoka Japani, bado ina ukoko wa silikoni ya huko huko.

Vifaa nilivyokuwa navyo ni vilivyokuja na gari: jeki, spana ya tairi na bisibisi moja. Vingine ni vya kuazima, na kwetu kitu hakiazimwi peke yake. Ukiazima jeki, unaazima na mwenye jeki. Mzee wa nyumba ya pili, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, alileta jeki ya chupa na stendi za chuma, kisha akaleta kigoda, akaketi. Kwa zile stendi Mungu amlipe, maana tofali la saruji chini ya gari hupasuka bila kutoa taarifa. Ila kila bolti niliyoigusa ilimkumbusha gari lililomkatikia breki Mlima Kitonga, na hadithi za Kitonga hazina mteremko mfupi.

Kizaazaa kilikuwa spana namba kumi. Bolti za sampo ni ndogo, zinataka hiyo tu. Mtaa mzima una namba nane, una kumi na mbili, una kumi na nne. Mzee ana thelathini na mbili ambayo unaweza kulala nayo ukaogopwa na wezi. Namba kumi ilikuwa moja, ya kijana wa bodaboda pale kijiweni, na huishi chini ya siti ya pikipiki yake. Kijana muungwana, hakuninyima. Lakini kila abiria alipotokea, mkono wake ulipenya chini ya gari: "Kaka, naomba spana mara moja." Betri yake hulegea njiani, hawezi kusafiri bila hiyo spana. Wapita njia wakiuliza kazi imefikia wapi, wanajibiwa: spana imeenda Kinyerezi.

Basi nikawa nalala kuwatazama watu miguu. Makubazi yenye madoa ya saruji yalikuwa ya jirani anayejenga. Alikuja na kidumu. Anataka oili chafu apake mbao zake mchwa wasizile, na alipoona inavyochuruzika pole pole kwenye beseni akauliza kama haiwezi kuharakishwa. Tena akashangaa sampo inabadilishwa ya nini na sabuni ya mche ipo, unasugua kwenye ufa, unaziba. Nikamweleza kwamba hiyo ni dawa ya tangi la petroli, ya kukufikisha nyumbani. Oili ya injini hupata moto, sabuni italainika yote.

"Basi paka nyingi," akasema.

Bolti zikaisha, sampo isibanduke. Imening'inia kwa silikoni peke yake na bado imeng'ang'ana. Ukiichokonoa kwa bisibisi unaupinda ukingo. Inataka kitu bapa na chembamba. Mama watoto aliposikia tu neno "kisu" alitoka jikoni akakaa mlangoni, visu vyote mapajani. Hakusema neno. Fundi rangi wa nyumba ya nyuma ndiye aliyeniokoa kwa skrepa yake, na bila shaka akabaki kuangalia inavyotumika.

Sasa silikoni. Unaipaka mstari usiokatika kuzunguka ukingo, na ukishapaka una kama dakika 3 za kuipandisha sampo, kabla haijaanza kuota ngozi. Walioandika masharti hayo hawajawahi kutembelewa na mjumbe wa nyumba kumi. Nimeibeba sampo kiganjani, naona ncha ya bakora.

"Hodi huko chini."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, mzee."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo." Nimeipandisha, nimeishikilia kwa goti.

"Na wazee kule Tanga?"

"Wazima kabisa." Bolti ya kwanza, kwa vidole.

"Mvua wamepata?"

Mkubwa haambiwi subiri. Nikajibu za mvua, za mahindi, za ng'ombe ambao hatuna, bolti moja kwa kila jibu, mpaka zikashika zote. Nikainyanyua spana nianze kukaza. Mkono ukapenya.

"Kaka, kuna abiria."

Hapo ndipo mzee wa Zambia aliposimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimwendea yule abiria akamwambia kwa upole, "Mama, panda bajaji. Huyu yuko kazini."

Nilikaza kwa kupishana, upande huu na ule, kwa nguvu za kiasi, maana vibolti hivyo ukivionyesha ubabe vinakatika shingo. Silikoni ikaachwa ikauke muda wa saa mbili kabla ya kumimina oili, na saa hizo zilidondokea kwenye chakula cha mchana, wageni wangu wote wakiwepo. Visu vikarudi jikoni, vikafanya kazi. Injini hiyo hunywa lita 3.7 na galoni ni lita 4, kwa hiyo kilichobaki kikazua mgogoro baina ya mnyororo wa bodaboda na bawaba za geti la mjumbe. Geti likashinda.

Gari likawaka. Tuliinama sote, hakuna tone.

Jirani anayejenga alikuwa ameshajaza kidumu chake, lakini haondoki. Anaigeuza geuza sampo ya zamani.

"Hii utaifanyia nini? Kuku wangu hawana pa kunywea maji."

"Ina ufa, jirani."

"Si kuna sabuni?"