Boya la Shemeji

Shemeji yangu alipokuja Mwanza likizo aliwaahidi wanangu kuwa Jumapili watakwenda kuvua sato kwa boya. Jumamosi, baada ya chai tu, sebule ikawa karakana: mshipi wa nailoni umetandazwa toka mguu wa kochi hadi mlango wa jikoni, mwanzi umeegemezwa kabatini, nati za baiskeli za kufanyia chubwi zimejaa mezani.

Boya ndilo lililokosekana. Akaziona kandambili mlangoni. Soli ya kandambili huelea vizuri, na wavuvi wa huku huikata vipande wakafungia nyavu zao.

"Baba mdogo, hizo ni za Bibi!"

"Kona ndogo tu, mwanangu."

Akatoboa kile kipande kwa msumari wa moto, akapitisha mshipi, akachomeka kijiti cha kiberiti ili boya lisiteleze ila kwa kusogezwa, maana kina cha maji hubadilika. Nati akaifunga shubiri moja juu ya ndoano. Kisha likaja zoezi la kusawazisha, ndani ya pipa letu la maji ya kunywa, siku ambayo bomba halikutoa tone.

Boya likalala ubavu. Akaongeza nati, likazama. Akapunguza nati, akalichonga boya kwa wembe kidogo kidogo, mpaka likasimama wima, ncha tu ikichungulia. Hapo alikuwa sahihi kabisa, nami namsifu. Sato huonja kwanza. Boya likiwa kubwa anahisi linamvuta, anatema chambo, na wewe juu huoni chochote.

Lakini ndoano ilikuwa imeshafungwa, na nyungunyungu kashatungwa. Shemeji akainua mshipi ukauke. Mtetea wa mama mkwe, aliyeingilia mlango wa jikoni, akamdaka yule nyungunyungu akatimka. Mwanzi ukaanguka, chupa ya chai ikapasuka, watoto wakapanda makochi kwa mayowe.

"Mnanivulia kuku wangu?" mama mkwe aliuliza toka chumbani.

Tulimkamata chini ya meza. Bahati njema ndoano haikuwa imefika kooni. Ilinasa pembeni mwa mdomo. Shemeji aliisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza, akakikata kile kijino kwa koleo, akairudisha ilikoingilia. Ukiivuta ndoano kinyumenyume na kijino chake, unachana nyama. Jioni kuku alikula pumba kama kawaida.

Mama mkwe alikulia kwenye ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, kabla sato hajapandikizwa miaka ya 1950. Alilishika boya, akaligeuza, akasema limechongwa vizuri. Kisha akamwambia mwanawe: "Baba yako ndoano alikuwa anaifungia mwaloni."

Nami nawaomba wenye nyumba zenye watoto na kuku: boya lisawazisheni nyumbani, kwenye beseni la kufulia, kwa nati peke yake. Ndoano na chambo vingoje ziwani.