Hondohondo Aliyeandikwa Hapatikani

Juu ya mkuyu uliosimama kati ya miamba ya Tosamaganga, upande unaoteremkia Kalenga, waliishi Hondohondo na mkewe. Desturi ya ndege hawa inajulikana. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba. Kuanzia hapo dume ndiye anayeibeba nyumba. Anatafuta tunda, panzi, mjusi. Anarudi, anapenyeza mdomo ufani, anaondoka tena. Anafanya hivyo kutwa, wiki baada ya wiki. Msitu mzima ulimwona. Nyani wa tawi la chini alimzoea hata akaacha kugeuka akisikia mbawa.

Mwaka huo mtoto alianguliwa, mama akafia humo humo ndani. Hondohondo akaubomoa udongo kwa mdomo wake, akamtoa mwanawe angali uchi kama kidole. Akienda kutafuta chakula, nyoka yupo. Akibaki kulinda, njaa ipo. Akamchukua hadi kichakani kwa Bi Kanga, mlezi wa yatima.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Pole na msiba."

"Nakuachia huyu. Huku kumekauka, nashuka Kilombero kwenye matunda. Akiota mbawa nitamchukua."

"Nenda, baba. Mungu akutangulie."

Wanaume wa Iringa wanalifahamu jambo hili kwa miili yao. Mama akifariki katika uzazi, mtoto mchanga hupelekwa kwa masista apate maziwa na malezi, na baba hurudi shambani, au kwenye chai ya Mufindi, au kwenye miwa ya Kilombero, kwa makubaliano kwamba mtoto akikua atarudi nyumbani. Baba huyo hajamtupa mtoto. Amemweka mahali atakapoishi, na mara nyingi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kumfanyia.

Sasa kando ya Ruaha Mdogo waliishi Korongo na mkewe, ndege wapole wenye taji kichwani, ambao Mungu hakuwajalia mtoto. Walipomwona yule mdogo kwa Bi Kanga, mioyo yao ikamwangukia. Wakapeleka maombi mahakamani.

Wanyama wa huku wana Mahakama Kuu yao juu ya jiwe la Gangilonga, Iringa mjini, na sheria yao wameinakili kwa binadamu: ile Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na wazazi wa mtoto lazima waridhie kwanza. Mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa ya mzazi ikithibitika kwamba amemtelekeza au amekuwa akimtesa mtoto, au hapatikani, au hana uwezo wa kuridhia, au anakataa bila sababu ya maana. Ni masharti mazuri. Yamewekwa ili mtoto asikwame kwa mzazi asiyemjali.

Karani wa mahakama, Ngedere, alimtuma Konokono amtafute baba. Konokono akatambaa hadi kichuguu cha pili, akamuuliza siafu mmoja, akapumzika kivulini, akarudi. Ngedere akaandika kwenye jalada: Baba hapatikani. Akagonga muhuri.

Siku ya shauri Mzee Kobe, jaji, alilisoma lile jalada polepole, kisha akamwita Konokono.

"Ulifika Kilombero?"

"Mheshimiwa, mlima Kitonga ni mrefu."

"Ulimuuliza Bi Kanga?"

"Hakuniita."

Bi Kanga akasimama. Alikuwa amebeba kapu, akalimimina mbele ya jaji. Zikamwagika kokwa za zambarau, nyingine zimekauka kabisa, nyingine bado zina rangi. "Kila mwezi mpevu baba huyu anapanda kutoka bondeni na chakula cha mwanawe. Kokwa nimeziweka. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza."

Ngedere hakukubali kushindwa. "Lakini hawakufunga ndoa, Mheshimiwa. Hana cheti."

Hapo Kobe alipandisha sauti. Chini ya sheria ya zamani, ile ya mwaka 1949, baba wa mtoto wa nje ya ndoa alitafutwa mahakamani kwa ajili ya matunzo tu, na mwisho wake ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya 2009 iliifuta hiyo. Leo ubaba unathibitishwa kwa jina kwenye daftari la vizazi, kwa mila aliyoitimiza baba, kwa kumkubali mtoto hadharani, kwa vipimo vya vinasaba. "Huyu alipenyeza chakula ufani msitu mzima ukimtazama," Kobe alisema. "Kama huko si kumkubali mtoto hadharani, niambie wewe ni kupi."

Kobe hakuwa mtetezi wa kila dume. Msimu uliotangulia Nyani mmoja, aliyemfukuza mkewe akiwa mjamzito na kuapa kwamba mimba si yake, alikuja kudai aombwe ridhaa baada ya kusikia kwamba waombaji wana shamba la mahindi. Kobe aliisikiliza historia yake yote, kisha akaiweka ridhaa hiyo kando, na mtoto akapata nyumba. Namuunga mkono kwa moyo wote. Tofauti ni kwamba Nyani aliitwa, akaja, akasikilizwa. Baba hawezi kuhukumiwa kuwa ametoroka na mtu ambaye hajawahi kugonga mlango wake.

Mbayuwayu akatumwa. Kesho yake jioni Hondohondo alitua Gangilonga, vumbi la bonde lingali kwenye manyoya. Kobe akamweleza maana ya kuasili: mtoto atahesabika wa Korongo, jina litabadilika, na haki zake za uzazi zitakwisha. Kisha akamuuliza kama anaridhia.

"Siridhii, Mheshimiwa. Nilisema mbawa zikiota nitakuja. Zimeanza kuota." Akamgeukia Korongo. "Ndugu yangu, sina kinyongo nawe. Umempenda mwanangu. Mkuyu wangu unaujua, njoo umwone."

Mke wa Korongo alilia, na hakuna aliyemkataza. Kobe akatamka kwamba sababu ya baba ni ya maana, maombi yamekataliwa, na akamwomba afisa ustawi wa jamii awakumbuke Korongo kwa mtoto asiye na wa kumrudia.

Hondohondo aliondoka na Bi Kanga kwenda kumwona mwanawe. Mbayuwayu naye alitaka kuaga, Kobe akamzuia. Mezani kwa Ngedere yalikuwapo majalada mengine kumi na mawili yenye muhuri uleule, na aliyetumwa kwa yote alikuwa Konokono.